Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Wako watu katika shule yetu ambao tangu mwaka jana wamekuwa wakisema kwamba wanafunzi tusiruhusiwe tena kuigusa ile kompyuta kubwa iliyo katika chumba cha kompyuta, ile tuiitayo seva, ambayo ndiyo huhifadhi kazi zetu sote. Wasema ati mwanafunzi aliyeharibu mara moja ataharibu mara ya pili. Nami nina haki ya kulijibu neno hili, tena nina wajibu, kwa sababu mwanafunzi aliyeharibu ni mimi.

Nimeyapima maneno yao, na naona wana haki ya kuogopa. Lakini dawa waitakayo siyo dawa ya ugonjwa wenyewe. Shule ikiufunga mlango wa chumba kile, diski itajaa tena vile vile, na siku moja mtu mwingine, awe mwanafunzi au awe fundi wa kulipwa, atazihamisha kazi zetu kwa haraka kama nilivyofanya mimi. Maoni yangu ni kwamba shule iweke sheria moja: yeyote ahamishaye kazi za watu kwenda katika diski mpya, asiifute ya zamani mpaka mpya iwe imetumika muhula mzima.

Kwanza yafaa niwaeleze wasomaji wasioizoea kompyuta, hasa wazazi wetu, jambo lenyewe ni nini. Seva yetu haitumii Windows. Hutumia Linux, ambayo imefuata nyayo za mfumo wa zamani uitwao Unix. Katika Unix mafaili yote hukaa katika mti mmoja. Shina lake huandikwa kwa mkwaju mmoja tu, /, na kutoka hapo huchipuka matawi yaitwayo saraka: /etc yenye maagizo ya mashine, /usr yenye programu, /var yenye kumbukumbu zinazoongezeka kila siku, na /home yenye kazi za watumiaji. Kila mwanafunzi ana saraka yake ndani ya /home, kama vile kila mmoja wetu alivyo na sanduku lake bwenini.

Mtu akitia diski ya pili katika mashine, Unix haiipi diski ile herufi yake kama Windows ifanyavyo. Huipachika juu ya tawi mojawapo la mti ule ule, na tangu hapo kila aingiaye katika tawi lile huwa yumo katika diski mpya pasipo kujua. Hii ni sifa kubwa ya mfumo huu. Mwanafunzi hana haja ya kubadili lolote. Hufungua kazi yake pale pale alipopazoea. Lakini ndani yake mna hatari, maana mali iliyohamishwa bila ya mwenyewe kujua, ikipotea, mwenyewe huwa wa mwisho kupata habari.

Shida ya diski kujaa ilianza zamani pamoja na Unix yenyewe. Mfumo huo ulianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs, jimbo la New Jersey, Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Katika makala waliyoitoa mwaka 1974, mabwana hao wawili walieleza kwamba mashine yao ilikuwa na diski moja ya haraka yenye baiti milioni 1, nyingine nne za kutia na kutoa zenye baiti milioni 2.5 kila moja, na moja kubwa ya baiti milioni 40. Hiyo kubwa yao leo ingetosha kuweka picha kumi hivi za simu. Shina la mti lilikaa katika ile diski ya haraka, na mafaili ya watu katika ile kubwa.

Hata kabla ya hapo diski yao ya kwanza ilikuwa imekwisha kuwa ndogo, nao wakalazimika kupeleka baadhi ya programu za mfumo katika diski ya pili, chini ya /usr, mahali palipokuwa pa mafaili ya watumiaji. Ndiyo sababu mpaka leo tawi lile lina jina la watumiaji, na hali ndani yake hamna kazi zao. Tena ilibidi wafuate kanuni moja: amri ya kuipachika diski ya pili sharti ikae katika diski ya kwanza, maana ikiwekwa ndani ya ile ya pili, ni kama mtu aliyefunga nyumba na ufunguo akauacha ndani. Mgawanyo huo uliozaliwa na diski kujaa ulidumu miaka mingi baada ya diski kuwa kubwa. Fedora, mojawapo ya jamii za Linux, iliuondoa mwaka 2012, na Debian toleo la 12, la mwaka 2023, halikubali tena mpango ule wa kale. Basi tuone kwamba kuhamisha saraka si jambo la jioni moja. Aamuavyo mtu siku diski ilipojaa, wengine huishi na uamuzi huo muda mrefu.

Sasa niseme yaliyotokea hapa kwetu. Mwezi wa Septemba mwaka jana, nikiwa Kidato cha Tatu, diski ya seva ilikaribia kujaa. Ilikuwa ya gigabaiti 80. Shule ilikuwa imepewa diski nyingine ya gigabaiti 500 iliyotolewa katika kompyuta iliyokwisha tumika, na Mwalimu wetu wa kompyuta akaniagiza maneno mawili siku ya Ijumaa kabla hajasafiri: nakili /home katika diski hii, kisha ungoje mpaka nirudi Jumatatu. La kwanza nililitii. La pili sikulitii.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la saa. Nilianza kunakili saa mbili usiku, wakati wenzangu wa Kidato cha Pili walipokuwa katika masomo ya jioni wakipiga chapa insha zao. Walimaliza saa tatu na nusu. Kila neno waliloliandika baada ya mimi kupita katika saraka zao lilibaki katika diski ya zamani, wala halikuingia katika mpya. Mtu hahesabu watu langoni huku mlango u wazi na watu wanaingia na kutoka.

Kosa la pili lilikuwa la namna ya kunakili. Katika Unix kila faili lina mwenyewe, na jina la mwenyewe huhifadhiwa kwa namba. Aliye msimamizi mkuu wa mashine akinakili kwa amri ya kawaida ya cp -r, mafaili yote mapya huandikwa kuwa mali yake yeye. Ilifaa nitumie cp -a, ambayo huhifadhi mwenyewe, ruhusa na tarehe za kila faili. Asubuhi ya Jumamosi wanafunzi walikuja mbio kuniambia kwamba wengine hawawezi kuingia katika saraka zao, na wengine wanaziona kazi zao lakini hawawezi kuzihifadhi. Nilishinda siku nzima nikimrudishia kila mtu mali yake, saraka moja baada ya nyingine.

Makosa hayo mawili yangeweza kurekebishwa, lau nisingalifanya la tatu. Usiku ule ule wa Ijumaa, mara kunakili kulipokwisha, niliifuta saraka ya zamani. Hapana aliyeniambia niifute, wala hapakuwa na haja. Nilitaka tu kuona ile hesabu ya diski iliyojaa ikishuka, ili Mwalimu akirudi aikute kazi imekwisha, anisifu. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Jumatano iliyofuata diski ile mpya ilianza kutoa sauti ya kugonga gonga. Alhamisi mashine ikaandika kwamba haiwezi kuisoma. Ijumaa, yaani siku saba kamili tangu nilipohamisha, haikuamka kabisa. Mwalimu alijaribu kuyafufua mafaili niliyoyafuta katika ile ya zamani, akakesha siku mbili, lakini mashine ilikuwa imekwisha kuandika mambo mengine juu yake. Alipata vipande tu: nusu ya barua, ukurasa wa hesabu usio na kichwa.

Palikuwa na ndugu mmoja wa Kidato cha Nne ambaye hakuwa na vitabu vyake mwenyewe. Tangu Januari alikuwa akiazima kitabu cha Biolojia na cha Historia kwa zamu, na kila jioni akipiga chapa muhtasari wa sura aliyoisoma, apate kuusoma Novemba katika siku za mtihani wa taifa. Kazi ya miezi minane ilikuwa katika saraka yake. Zilikuwa zimesalia wiki sita. Nilikwenda bwenini kwake kumwambia. Hakunitukana wala hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja tu: "Ile ya zamani iko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Katika wiki zile sita nilimwona kila mapumziko na daftari la kuazima, akiandika upya kwa mkono, na baadhi yetu tukamsaidia kunakili sura alizotupa. Mtihani aliufanya, na matokeo yake ni yake, sitayataja hapa. Lakini swali lile nimelichukua, na makala haya yote ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Njia iliyo sawa si ngumu, nami nimeifanya mara mbili tangu hapo chini ya macho ya Mwalimu. Kwanza huipima diski mpya kabla ya kuikabidhi kitu. Diski nyingi hujiwekea hesabu ya makosa yake, na iko programu iitwayo smartctl inayoisoma. Kama ningaliisoma Ijumaa ile, labda ningaliona kwamba diski ile ilikuwa mgonjwa tangu ilipotufikia. Kisha huwatoa watumiaji wote, mashine ikabaki na msimamizi peke yake, ambaye kwa hekima ya Unix saraka yake ni /root, nje ya /home, hata /home ikihama yeye abaki na pa kukaa. Kisha hupachika diski mpya mahali pa muda, akanakili kwa njia inayohifadhi wenyewe na ruhusa zao.

Akimaliza kunakili, asiamini. Programu ya rsync yaweza kuagizwa ilinganishe yaliyomo katika kila faili la zamani na la mpya, bila ya kubadili kitu, na itaje yale yasiyolingana. Ikiwa kimya, ndipo aendelee. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kila msomaji alishike: saraka ya zamani haifutwi, hubadilishwa jina tu. /home huitwa /home.zamani, ikatengenezwa /home nyingine tupu, na diski mpya ikapachikwa hapo. Likitokea lolote, kurudi nyuma ni kazi ya dakika moja.

Tena sharti aandike mstari mmoja katika faili liitwalo /etc/fstab, ili mashine ikiwashwa ijue ipachike nini na wapi. Mstari huo utaje diski kwa namba yake ndefu ya utambulisho, isitajwe kwa jina kama /dev/sdb, maana majina hayo yaweza kubadilika diski nyingine ikitiwa. Kisha aujaribu mstari wake kwa amri ya mount -a kabla ya kuizima mashine, kwa kuwa kosa la herufi moja hapo laweza kuifanya isiamke sawasawa. Wala asithubutu kuihamisha /etc yenyewe kwa njia hii. Humo ndimo limo faili linaloieleza mashine diski zilipo, na hapo tumerudi kwenye habari ya ufunguo uliofungiwa ndani.

Wako watakaopinga. Najua wengine watasema kwamba kuiweka ya zamani muhula mzima ni kupoteza nafasi, na kwamba nafasi ndiyo iliyotufanya tuhamishe. Hoja hii ina uzito, lakini si mwingi. Baada ya kuhama, kazi mpya zote huingia katika diski mpya, na kwa hiyo saraka ya zamani haiongezeki hata kidogo. Inakaa kimya. Ikiwa mfumo wahitaji nafasi kweli, basi saraka ile inakiliwe katika diski ya tatu na kufungiwa kabatini. Bei ya diski ya tatu si ndogo kwa shule kama yetu, lakini niliiona bei ya kukosa diski hiyo, na aliyeilipa hakuwa mimi.

Wengine watasema kazi hii ni ya mafundi, mwanafunzi na asome vitabu. Nami nauliza, fundi alisomea wapi? Mwalimu wetu husafiri, huugua, na siku moja atahamishwa kwenda shule nyingine kama walimu wote wa serikali wahamishwavyo. Siku hiyo ikiwa hapana mwanafunzi anayejua kazi zetu zimekaaje, seva itakuwa sanduku lisilo na mwenye ufunguo. Mwanafunzi akifanya kazi hii pamoja na mwenzake na mbele ya mwalimu, hujifunza. Akiifanya peke yake usiku wa Ijumaa akitafuta sifa, huharibu. Adui yetu ni kule kufanya peke yako na kwa haraka.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, uhamisho wowote wa saraka ufanywe wakati wa likizo, pasipo na mtu anayeandika. Pili, wafanye watu wawili pamoja na mwalimu, mmoja akitoa amri na mwingine akiziandika katika daftari, kila amri na jibu lake, ili kesho mtu mwingine aweze kusoma yaliyofanywa. Tatu, saraka ya zamani ikae muhula mzima, na siku ya kuifuta Mkuu wa Shule atangaze mstarini wiki moja kabla, kila mwanafunzi apate kwenda kutazama kama kazi yake imefika salama. Nne, diski iliyokwisha tumika kwingine, hata ikiwa ni zawadi ya mtu mwema, isichukue kazi za wanafunzi kabla haijapimwa. Zawadi tushukuru, lakini tuipime.

Kwa wazazi wetu nina neno moja. Katika mkutano ujao mtaombwa mchango kwa ajili ya diski ya akiba. Najua mmechangia madawati, mmechangia maji, nanyi mwaweza kuuliza kwa nini tena mnunue kitu kitakachofungiwa kabatini kisitumike. Nawaomba mkitazame kama ghala la mbegu. Mkulima haili mbegu yake ya akiba, wala hakuna amwitaye mjinga kwa kuiacha ikae.

Na ninyi wenzangu, hasa mlio Kidato cha Kwanza na cha Pili mnaoingia sasa katika chumba kile na kuona fahari ya kuandika amri katika skrini nyeusi, msichukie kuonywa na aliyekosa. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilidhani zamani kwamba methali ile ni ya mikeka tu. Diski mpya ni msala mzuri, mpana na safi, lakini bado hujaulalia hata usiku mmoja. Ulalie kwanza. Mbacha wako uukunje, uuweke darini, uuache hapo.

Mimi namaliza mwaka huu. Seva itabaki, na ndani yake mna kazi zenu. Siku yoyote mwenzenu akija kuwauliza ile ya zamani iko wapi, natumaini mtaweza kumwonyesha kwa kidole.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne